Jumapili ya mavuno parokiani: kupokea, kupima, kunadi na kutoa hesabu

Mwongozo huu ni wa mabaraza ya parokia, halmashauri za fedha, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo nchini Uganda, hasa pale ambapo Kiswahili ndicho kinachowakalisha watu wa makabila mbalimbali kanisa moja: Busia, Malaba, Mpondwe, Arua, na makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Unahusu siku moja tu ya mwaka, ile ya kumtolea Mungu shukrani kwa mavuno. Tumeichagua kwa sababu ndiyo siku mali nyingi hupita mikononi mwa watu wengi kwa saa chache, na ndiyo siku ambayo uwakili wa parokia huonekana ulivyo.

Parokia nyingi hulalamika kwamba matoleo yanapungua mwaka hadi mwaka. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta aliyeleta debe la maharage hakuwahi kuambiwa liliuzwa kiasi gani wala fedha zilifanya kazi gani. Mwaka uliofuata akaleta nusu debe. Mwaka wa tatu akaja na mkono mtupu na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuleta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inazungumzia mizani, daftari na kalamu. Parokia humshukuru mtoaji kwa kumpa hesabu kwanza; hotuba baadaye, tena fupi.

Wiki nane kabla: tarehe na kusudi

Tarehe ifuate shamba. Sehemu kubwa ya kusini, magharibi na mashariki ya nchi ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo mazao huanikwa Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Karamoja ina msimu mmoja tu. Waulizeni wakulima wenyewe, kisha ongezeni wiki tatu au nne baada ya wengi kuvuna ili nafaka iwe imekauka. Mkiwahi, mtapokea mahindi mabichi yatakayoota ukungu ghalani. Mkichelewa hadi wiki mbili za mwisho kabla ya shule kufunguliwa Februari, karo itakuwa imeshakula kila kitu.

Kalenda ya liturujia nayo ina masharti yake. Misale ya Kirumi, kitabu cha sala za Misa, ina Misa ya shukrani baada ya mavuno katika kundi la Misa kwa mahitaji mbalimbali. Jumapili za kawaida za mwaka haisaliwi mpaka askofu atoe ruhusa, na Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka haiwezekani kabisa. Kwa mavuno ya pili, basi, Desemba haifai. Tafuteni Jumapili ya Januari baada ya sherehe ya Ubatizo wa Bwana. Ruhusa isipopatikana, salini Misa ya Jumapili husika, wekeni shukrani katika sala ya waamini, na paroko abariki mazao kwa sala za kitabu cha baraka. Inatosha. Masomo mkiyahitaji kwa mafundisho ya jumuiya wiki za maandalizi, chukueni Kumbukumbu la Torati 26 (kikapu cha malimbuko) na Luka 17:11-19, wale wenye ukoma kumi ambao mmoja tu alirudi.

Msiiweke siku hii kwenye Jumapili ya Kimisionari, ile inayotangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sadaka ya siku hiyo haibaki parokiani.

Sasa kusudi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1267 kifungu cha 3, zinasema kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa kusudi fulani hayawezi kutumika kwa kusudi jingine. Kwa hiyo angalieni mnachotangaza. Mkisema "bati za kigango" (kanisa dogo lililo chini ya parokia), fedha zimeshafungwa. Haziwezi kununua betri ya spika wala kulipa deni la umeme, hata paroko akitaka. Chagueni kusudi moja linaloweza kuonekana kwa macho, litajieni kiasi (bati ngapi, geji ngapi, mbao ngapi, fundi analipwa nini), na semeni mapema kitakachofanyika fedha zikizidi: "Zikizidi, zitajenga choo cha kigango hichohicho." Sentensi hiyo moja inaepusha ugomvi wa miezi sita.

Amueni siku hiyohiyo ni sehemu gani ya mazao itakayotengwa kwa maskini kabla ya kuuza chochote. Debe moja katika kila kumi ni kipimo rahisi kukumbuka na rahisi kukagua. Na kama jimbo lenu lina fungu lake katika makusanyo ya namna hii, ulizeni ofisi ya hazina ya jimbo na mlitangaze mapema. Waamini hawakasirishwi na fungu la jimbo. Hukasirishwa kuligundua baadaye.

Wiki tano kabla: bahasha

Kila familia ipate bahasha moja yenye namba. Jina lisiandikwe juu. Katibu anabaki na daftari linaloonyesha namba 114 ni familia ipi ya jumuiya ipi, na daftari hilo huonwa na watu watatu tu: katibu, mhazini na paroko. Namba inampa mtoaji uhakika kwamba toleo lake litaandikwa, na inamkinga asiyekuwa na kitu asinyooshewe kidole na jirani.

Bahasha zigawiwe na viongozi wa jumuiya nyumba kwa nyumba. Zile zinazogawiwa mlangoni mwa kanisa huishia kwenye mikoba, na wasiohudhuria kila Jumapili hawazipati. Ndani ya bahasha mtie kadi ndogo yenye mistari minne tu: fedha; mazao au mfugo; siku ya kazi; kipaji. Siku ya kazi iwe kitu mahususi: kufyeka uwanja, kubeba mchanga, kufua nguo za altare. Kipaji vilevile: ufundi umeme, useremala, ushonaji, kupiga kinanda, kufundisha watoto, kutunza vitabu vya hesabu.

Kadi hizi zina ugonjwa wake, nao ni kujazwa halafu zikalala kwenye sanduku la ofisi. Fundi umeme aliyejitolea Julai asipopigiwa simu hadi Desemba anajua kadi ilikuwa mapambo. Orodhesheni kadini kazi ambazo kweli mnazo, na kila aliyejaza aitwe ndani ya siku 30, hata kama ni kuambiwa zamu yake itafika lini.

Katika makazi ya wakimbizi pana jambo la kuangalia zaidi. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na kuna familia zitakazotoa unga wa mgao kwa aibu ya kuonekana hazina shukrani. Kiongozi wa jumuiya awaambie waziwazi kwamba siku ya kazi au dua mbele ya Ekaristi ni toleo kamili na litaandikwa kwenye daftari kama mengine. Paulo anamwambia Mkorintho atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7), na huzuni ya namna hii ni kazi ya viongozi kuizuia.

Jumamosi na Jumapili asubuhi: meza ya mapokezi

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mazao yasipokelewe kwa mara ya kwanza kwenye maandamano ya Misa. Yapimwe na kuandikwa kabla. Familia moja huchukua kama dakika mbili mezani, yaani familia 30 kwa saa. Mkitarajia familia 120, meza moja itahitaji saa nne. Wekeni meza mbili, mfungue Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, halafu Jumapili kuanzia saa moja asubuhi hadi nusu saa kabla ya Misa. Wanaotoka vigango vya mbali wapokelewe kigangoni kwao Jumamosi na katekista, kwa daftari lilelile, mzigo uje umeshaandikwa.

Kila meza ina watu wanne: wa kukaribisha, wa kupima, wa kuandika na wa kubeba. Wa kukaribisha awe mtu mwenye ulimi mwema na anayejua watu. Maneno yake ni machache: "Karibu mama, Mungu akubariki kwa jasho lako. Tupime pamoja." Kisha mpimaji anasoma mizani kwa sauti, "Mahindi, kilo kumi na saba na nusu," mama mwenyewe akiiona mizani, mwandishi anarudia, anaandika. Mama anaondoka na nakala ya kaboni mkononi. Nakala hiyo ataiweka ndani ya kitabu cha sala, na mtakaposoma hesabu ataitoa. Ndiyo mnachotaka.

Daftari liwe na safu sita: namba ya bahasha, jumuiya, kitu, kipimo, hali yake, na mahali kilipowekwa. Safu ya "hali" ndiyo watu huiacha wazi. Ijazwe: kavu, bichi, limeliwa na fukusi, lina mawe. Pasipo safu hiyo, gunia bovu likichanganywa na zuri hakuna atakayejua lilikotoka, na mfanyabiashara atashusha bei ya mzigo mzima.

Pimeni kwa kilo. Debe la lita 20 la mahindi linaweza kuwa na kilo 15, linaweza kuwa na 18, kutegemea ukavu wa punje na kama limejazwa kichuguu au limesawazishwa kwa fimbo. Mizani ikaguliwe mbele ya watu kabla ya kuanza: ning'inizeni mfuko mpya wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukisoma 47 au 53, rekebisheni au tafuteni nyingine.

Ukavu wa mahindi upimwe kwa chumvi kama hamna kipimo cha umeme. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza theluthi moja kwa mahindi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayawekwi ghalani. Kiwango cha soko la Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 au chini yake. Chumvi iliyokaa wazi jikoni imeshanyonya unyevu na itakudanganya. Ikaushe kwanza juani. Mahindi mabichi hayakataliwi. Yanaandikwa "bichi", yanaanikwa juu ya turubai, au yanauzwa siku hiyohiyo kwa anayejua anachonunua. Sumukuvu haionekani kwa macho, na parokia haiwezi kuwagawia maskini mahindi yenye ukungu kisha ikaita sadaka.

Kuku wafungwe miguu kwa kitambaa, si kwa uzi wa nailoni unaokata ngozi, wawekwe kivulini na maji karibu. Wawe mbali na maikrofoni ya kwaya. Jogoo mmoja akianza kuwika wakati wa wimbo wa katikati hakuna atakayesikiliza tena. Mayai yahesabiwe kwa trei ya 30. Muhogo mbichi huharibika ndani ya siku mbili au tatu tangu kung'olewa, na mkungu wa matoke haungoji, kwa hiyo hivyo viwili huandikiwa alama ya "kuuzwa leo".

Mbuzi, kondoo au ng'ombe asipokelewe bila barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inayomtaja mwenye mnyama. Inaonekana kama ukali kwa mtu aliyekuja kushukuru, lakini mnyama wa wizi akikutwa uwanjani mwa kanisa, ni parokia itakayoeleza polisi. Barua hiyo apewe mnunuzi pamoja na risiti. Kama wilaya iko chini ya karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, tangazeni mapema kwamba mifugo isiletwe. Mnada wa wanyama utakuwa umevunja amri ya serikali. Mwenye nia ya kutoa mbuzi anaweza kumuacha zizini kwake, akaandikwa, akamleta karantini ikiisha.

Vitu vinavyolala Jumamosi vifungiwe chumba chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa familia tofauti. Sakristia haifai kwa kazi hii.

Ndani ya Misa

Maandamano yawe mafupi. Kila jumuiya ilete kikapu kimoja kinachowakilisha mazao yake yote. Magunia yabaki pembeni yalipopimwa, yabarikiwe hapohapo. Mkate na divai ndivyo vinavyofika altareni. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 73, unataka fedha na vipaji vingine viwekwe mahali panapofaa, mbali na meza ya Ekaristi, kwa hiyo msiegemeze mikungu ya ndizi kwenye altare hata kama inapendeza kwenye picha. Andaeni meza ya pembeni au mikeka mbele ya hatua za kwanza.

Hakuna kutaja kiasi cha mtu yeyote wakati wa Misa. Yule mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili na hakuna aliyetangaza kwa spika.

Mnada

Mnada baada ya Misa tumeuzoea na watu huupenda. Huleta fedha nyingi kuliko kuuza kwa jumla, kwa kuwa mtu hununua nanasi la elfu mbili kwa elfu kumi kwa furaha tu. Huharibika kwa njia nne: kurefuka, ahadi hewa, kejeli, na siasa.

Kurefuka. Wekeni dakika 40, na mtu mwenye saa. Kwa dakika hizo dalali mzuri humaliza vitu 25 hadi 30. Visivyofikiwa vinauzwa kwa bei ya soko mezani. Anzeni na kuku na mifugo, maana wao wanateseka kwa kungoja, halafu matoke na matunda. Nafaka nyingi msizinadi kabisa, uzeni debe moja au mawili kwa kuchangamsha na zilizobaki ziende kwa mfanyabiashara.

Bei ya kuanzia iwe karibu robo tatu ya bei ya sokoni wiki hiyo. Mkianzia juu sana hakuna mkono utakaoinuka, na aliyeleta kitu hicho yuko hapo anaangalia.

Ahadi hewa. Mtu anainua mkono, anapigiwa makofi, anaondoka na mbuzi na "nitatuma jioni". Kanuni itangazwe kabla ya kitu cha kwanza: kitu kinatoka kwa risiti. Anayelipa taslimu anapewa risiti ya karatasi. Anayelipa kwa simu anangoja ujumbe ufike. Asiye na fedha wakati huo anaacha kitu, anapewa hadi Jumatano, halafu kinauzwa kwa aliyemfuatia. Kule kununua na kukirudisha kinadiwe tena kuruhusiwe mara moja tu kwa kila kitu. Jogoo akishazunguka mara nne, wenye kipato kidogo wameshaelewa kwamba mchezo huu si wao na wanaanza kuondoka.

Kejeli hutoka mdomoni mwa dalali. Asitaje aliyeleta kitu, asicheke udogo wake, asimwite mtu kwa jina kumlazimisha apandishe bei. Chagueni madalali wawili wapokezane, mmoja wao mwanamke, na muwape maagizo haya kwa maandishi.

Siasa. Mheshimiwa yeyote anakaribishwa kama muumini: bahasha yake inapita meza ileile, anapata risiti ileile, na maikrofoni haimfuati. Kipindi cha kampeni mambo ni mazito zaidi, kwa sababu sheria ya uchaguzi wa wabunge inamkataza mgombea kuendesha harambee au kugawa michango. Mwenyekiti wa baraza amwambie hivyo kabla ya siku, kwa upole na faragha, ili paroko asilazimike kumkatalia mbele ya watu.

Malipo kwa simu

Parokia iwe na namba ya malipo ya MTN au Airtel iliyosajiliwa kwa jina la parokia. Namba ya simu ya mhazini, hata awe mtakatifu, haifai: akiugua, akihama au akifariki fedha zimefungiwa kwenye laini yake. Bandikeni namba hiyo kwa maandishi makubwa pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, mkisema: "Ukiona jina jingine, usithibitishe." Kutoa fedha hizo taslimu hutozwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo zihamisheni moja kwa moja kwenda akaunti ya benki. Jumapili hiyohiyo jioni chapisheni au nakilini orodha ya malipo yote ya siku.

Kuhesabu

Wahesabu watatu au zaidi, wasio ndugu wala mke na mume, wakae meza moja yenye mwanga, mlango wazi. Mikoba na majaketi hubaki nje. Paroko asihesabu peke yake. Kanuni hii inamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Fungueni bahasha moja moja, andikeni namba na kiasi, kisha changanyeni fedha na mzihesabu upya kwa aina ya noti: 50,000, 20,000, 10,000, 5,000, 2,000, 1,000, halafu sarafu. Jumla ya bahasha na jumla ya noti zilingane. Zisipolingana, rudieni, msijazie kutoka mfukoni, na msipunguze ili ilingane. Tofauti ikibaki, iandikwe ilivyo na wote watie sahihi.

Ndani ya bahasha mtakuta vikaratasi vya nia za Misa vikiwa na fedha zake. Zitengeni palepale na mpeni paroko, kwa maana sadaka ya Misa ina wajibu wake na daftari lake (kanuni ya 958). Zikiingia kwenye hesabu ya bati, kuna Misa haitasaliwa.

Mfuko ufungwe, usainiwe juu ya gundi, na uende benki Jumatatu asubuhi ukiwa na watu wawili. Gharama za siku, kama turubai au usafiri, zisilipwe kutoka kwenye fedha hizi kabla hazijafika benki. Ni rahisi na kila mtu hufanya, na ndipo hesabu inapoanza kuvuja.

Nafaka iliyobaki

Tengeni kwanza fungu la maskini, mkalikabidhi Caritas ya parokia au kikundi cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kwa maandishi. Kwa iliyobaki pana kishawishi cha kungoja bei ipande, kwa sababu wakati wa mavuno bei huwa chini. Ni busara ikiwa tu mahindi yamefika asilimia 13.5, mna mifuko isiyopitisha hewa, na kuna mtu mwenye jina anayewajibika. Kikikosekana kimoja, uzeni wiki hiyohiyo. Fukusi wakiingia, faida mliyoingoja wameshaila wao. Mkiweka, magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na yakaguliwe kila wiki mbili.

Chukueni bei kwa wanunuzi watatu, kwa maandishi. Kumuuzia mjumbe wa kamati si dhambi, lakini awe ametoa bei ya juu na karatasi za wengine ziwepo.

Kutoa hesabu na kushukuru

Kanuni ya 1287 kifungu cha 2 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali ambayo waamini wameitolea Kanisa. Msingoje mwisho wa mwaka. Jumapili ya pili baada ya sikukuu, baada ya sala ya komunyo, mhazini asome kwa dakika mbili, na karatasi ileile ibandikwe mlangoni na kupelekwa kila kigango. Mfano wa namna ya kuandika:

Bahasha: shilingi 2,140,000. Simu: 385,000. Mnada uliolipwa: 1,260,000. Mauzo ya nafaka, mahindi kilo 1,050 na maharage kilo 210: 1,515,000. Jumla: 5,300,000. Gharama (turubai, magunia, usafiri): 310,000. Zilizo benki: 4,990,000. Zilizoahidiwa na bado hazijalipwa: 240,000. Walichopewa maskini: mahindi kilo 115, maharage kilo 25. Siku za kazi zilizotolewa: 63.

Ahadi zisiingizwe kwenye jumla. Kilo zitajwe pamoja na fedha, maana mwenye nakala ya kilo kumi na saba na nusu anataka kusikia kwamba mahindi yalikuwepo. Na siku za kazi zisiachwe. Ndizo toleo la wasio na shamba.

Kila bahasha iliyorudi ipate barua fupi kupitia kiongozi wa jumuiya, iliyokunjwa, namba juu. Mistari mitatu inatosha, ikitaja kitu na si thamani yake: "Tumepokea maharage yenu na siku mbili za kazi. Yamesaidia kununua bati za kigango. Padre na baraza tunawashukuru, tunawaombea." Wazee na wagonjwa waliotuma kitu kwa mkono wa mtu wapelekewe barua na mtu, pamoja na Komunyo ikiwezekana, kwa sababu wao hawakuuona mnada wala hawatasikia hesabu. Watoto walioleta yai au ndizi mbili waandikwe kama watu wazima na wapewe risiti yao.

Bati zikishapigwa misumari, bandikeni karatasi ya pili: fedha zilizotumika, risiti ngapi, kilichobaki. Yeyote anayetaka kuziona risiti azione ofisini, na saa za ofisi ziandikwe hapo.

Ahadi ambazo hazijalipwa zifuatiliwe na watu wawili kwa ziara moja, si kwa kusomwa kanisani. Baada ya siku 60 halmashauri ya fedha izifute kwa muhtasari ulioandikwa. Mwenye ahadi akija kulipa baada ya hapo, apokelewe na kupewa risiti ya tarehe ya siku hiyo, na fedha ziende kwenye kusudi lilelile. Daftari la mapokezi, karatasi ya noti, orodha ya simu, hati ya benki na muhtasari vifungwe pamoja kwenye faili moja lenye mwaka juu, kwa kuwa kamati ya mwaka ujao itaanza kazi yake kwa kulisoma.